Ua Moja la Bi Tamima

Watu wa Malindi, hapa Unguja, watakwambia Bi Tamima alikuwa mshona kofia wa ua moja. Uongo mtupu! Mimi Jecha, fundi viatu, nimekaa mlango wa pili na nyumba yake miaka yote ile, na nnajua alikuwa na maua ishirini mkononi, kila moja akilishona bila ya kuchora. Na nnajua nani waliomfilisi. Ni sisi. Mimi, mumewe Zahor, na wenzetu wanane.

Tulikuwa na chama. Msicheke. Mwaka mzima wa sitini na tatu tulikaa barzani kwa Zahor, karani wa bandarini, tukibishania jina, na jina lenyewe hatukulipata mpaka Ijumaa ya mwanzo ya Januari, sitini na nne, tulipokiunda kwa kusoma Fatiha na kunywa kahawa. Chama cha Jirani. Tulitaka bomba la maji kila mtaa, skuli bila ya ada, na mtu asiulizwe kabila lake. Basi. Kadi hatukuwa nazo, lakini kofia tulikuwa nazo, maana Bi Tamima alianza kutushonea tangu masika: kofia kumi za viua, kila moja ina alama ya kata ya kutekea maji juu ya kipaji. "Chama chenu hakijazaliwa, kishavishwa nguo," akitucheka.

Siku tisa baadaye yakawa mapinduzi. Hazikupita siku nyingi tukasikia kuwa chama nchini ni kimoja tu, vyengine vyote vimefutwa. Chetu nani alikuwa anakijua? Lakini kata zetu tulikuwa tushapita nazo msikitini, sokoni, kote, tukijiona wakubwa. Ukiulizwa, utasema nini?

Bi Tamima hakungoja tuulizwe. Alijitia buibui, na saumu yake, akapita nyumba hadi nyumba: "Hodi! Nipeni kofia ya bwana nikaifue, niitie uwanga, Idi hiyo inakuja." Nani atamshuku? Akazikusanya zote, akafumua kata moja moja, na palipobaki matundu akashona ua. Kazi ya miezi hiyo, naye alikuwa na siku kumi na nane na khofu ya kuwa mjane. Akazikausha kwenye faroma, kile kigogo cha kuweka umbo la kofia, zikarudi kwa wenyewe kabla ya mwezi kuandama.

Asubuhi ya Idi tukasimama safu moja. Nikageuza shingo kutazama kofia za wenzangu. Lahaula! Waridi lile lile, kila kipaji. Masikini, kwa kuchoka mkono ulikwenda wenyewe. Kafuta alama ya zamani, katutia mpya.

Baada ya sala bwana mmoja wa tawi la chama kile kimoja akatuzuia mlangoni. "Nyinyi ni kikundi gani?"

Zahor akacheka, sijui alikitoa wapi kicheko kile. "Kikundi gani, ndugu yangu? Mke wangu ndiye mshonaji, na ua jengine halijui. Nenda kamuulize."

Alikwenda kweli, nasi nyuma yake. Bi Tamima akatoka ukumbini, akaulizwa, akamtazama mumewe usoni, akaelewa. "Kweli, mwanangu," akasema. "Ua nnalolijua ni hili tu." Bwana yule akacheka mpaka akashika ubavu, na yeye akaagiza yake.

Tukapona. Aliyefungwa ni Bi Tamima, na kifungo chenyewe ni ua lile. Maana likionekana ua jengine limetoka mkononi mwake, uongo umejulikana, na sisi kumi twende tukajieleze. Miaka minane alishona waridi. Wateja wa maana walimkimbia, na harusini wanawake wenzake walimwita Bi Waridi, hana habari. Zahor akimwambia, "Tamima, watu washasahau." Akijibu, "Mume nnaye mmoja. Sijaribu."

Mwaka wa sabini na mbili bwana yule akahamishiwa Pemba. Binti wa Zahor na Bi Tamima, Sheikha, alikuwa ameshaposwa. Nikaenda mbio kumwambia mama mtu, "Shemegi, keshaondoka! Mshonee mkweo ua unalolitaka." Lo, alivyofurahi! Akasema atashona yasmini, ua alilofunzwa na mama yake.

Siku ya nne nikampitia. Nilimkuta mkekani, kofia iko mapajani, nyuzi zilizofumuliwa zimemzunguka.

"Jecha, nnaanza yasmini, likimalizika ni waridi. Mara tano sasa. Nnalijua, nnaliona, mkono haulijui." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilimwambia yule mtu sijui ua jengine. Sasa sikumdanganya."

Nikakaa naye chini. Nikaivua kofia yangu ya waridi kichwani, nisijue pa kuiweka.