Mpaka Vichanue

Pa!

Ganda kavu likipasuka juani hulia hivyo, mara moja, kama kijiti kinachovunjika. Siku ile mwenye kitalu alikuwa amejilaza chumbani, mlango wazi, akisikiliza maganda yake yakipasuka juu ya bati na kutabasamu, maana kila mlio ulikuwa mbegu. Mwaka mzima ulipita kabla hajajiuliza mbegu hizo zilirukia wapi.

Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba, katika mtaa wa mwisho kabla mchanga haujaanza: safu za viriba vyeusi vya miche, kivuli cha magunia, mapipa mawili ya maji. Watu humwita Bi Kidole. Ukimpelekea jani, hulisugua kwa kidole gumba akakutajia mti wake, miwani ikiwa bado mfukoni. Alifundwa na mavyaa yake, aliyekuwa akimfunga macho kwa kitambaa na kumpa majani moja moja, na alipokosea, adhabu yake ilikuwa kufagia uwanja upya.

Mwaka huo alikuwa ameotesha miche sitini ya kichaka kijivu cha jangwani, ambacho mbuzi hukila wakati kila kitu kingine kimekauka. Aliwagawia majirani, wakaipanda kando ya mazizi na kuizungushia miiba. Sasa ilikuwa imefika kiunoni. Miiba ilikaribia kuondolewa.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mfugaji wa mbuzi arobaini, alipokuja kuketi kitaluni. Alisifu vichaka vyake, akasema vimenenepa kuliko yeye mwenyewe. Kisha akauliza, bila nia yoyote, mbona vimefanana mno na vile vya makaburini.

Kichaka cha makaburini hupandwa kuwa ua kwa sababu ni sumu. Mbuzi akikitafuna, jioni haimkuti hai. Bi Kidole alikuwa ameokota mbegu zake pia, za kuzibia mapengo ya ua huo. Alizianika siku ileile, kwenye bati la pili, hatua moja kutoka bati la kwanza.

Pa.

Alikata jani, akalisugua. Kidole hakikumwambia kitu. Vichaka hivyo viwili vina manyoya yaleyale, harufu ileile. Hutofautiana kwa maua tu: kimoja huchanua manjano, kingine zambarau. Na havichanui mpaka vione kiu, ilhali majirani walikuwa wakivimwagia maji ya vyombo kila jioni, kwa mapenzi.

"Nyamaza, shemeji," mfugaji alimwambia. "Pengine ni vizima vyote. Nani atajua?"

"Mbuzi atajua."

Akajifunga kanga, akapita nyumba kwa nyumba. Alieleza kosa lake lote, la mabati na la kujilaza, akaomba mambo mawili: miiba isiguswe, na maji yakome. Wengine walimpa pole. Wengine walisema, naye akiwa bado mlangoni, kwamba kidole nacho huzeeka. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake.

"Mtoto umetupa wewe, Bi Kidole. Leo watuambia tumnyime maziwa?"

"Mnyimeni. Huyu akishiba hasemi jina lake."

Majani yalijikunja, yakawa rangi ya jivu. Kila asubuhi alivizungukia kama muuguzi wodini, akiinama, akiinuka, mkono kiunoni. Wiki ya tano kitumba cha kwanza kilifunguka kwa fundi cherehani: manjano. Baada ya hapo vikafuatana, kwa mama wa mapacha, kwa fundi baiskeli, kwa jirani aliyemcheka zaidi ya wote, manjano, manjano, na kila alipoliona ua alishusha pumzi kidogo, si yote. Hamsini na sita.

Vinne vya mwisho vilikuwa zizini kwa shemeji. Vitatu vilichanua siku moja, manjano. Cha nne kilikawia siku mbili, kisha kikatoa ua dogo, zuri, la zambarau.

Mfugaji alilitazama. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakisukumana, wakinyoosha shingo kuelekea miiba. Kisha akaenda kuleta jembe. Wakachimba wote wawili, wakafuata mzizi mpaka ncha, kwa kuwa ukibaki huchipua, wakakichoma kichaka mbali na zizi mpaka kikawa majivu, na majivu wakayafukia.

Shemeji alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Alianza kusema kuhusu ile siku ya kitaluni, alipomwambia anyamaze. Akakatiza, akaenda kuondoa miiba kwenye vile vitatu vilivyobaki. Mbuzi wakaja mbio, wakatafuna majani na maua pamoja, midomo ikageuka manjano. Wao wawili walisimama kuwaangalia muda mrefu. Jua lilipanda. Mbuzi wakashiba, wakalala, wakacheua.

Bi Kidole aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, akanyoosha miguu.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ndogo kabisa, "kumbe nina njaa."