Kigae Nilichomchorea Mpangaji Wetu

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Hadithi lakini nazijua. Hata mke wangu nilimpata kwa hadithi, maana sura sina na mfuko ndo kabisa. Miaka yote akichambua mchele uani kwetu hapa Mwananyamala, mie nasimulia, yeye anaitikia "ehe".

Mwaka jana tukampangisha chumba mwalimu mstaafu, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mtu wa bara. Anapiga pasi mpaka vesti. Hilo peke yake lilinikera.

Siku moja chungu cha mke wangu kikavunjika. Mwalimu akaokota kigae, akasema Waingereza wana neno lao, "ostrasaizi", yaani kumtenga mtu, na neno hilo limezaliwa na kigae kama kile. Zamani, katika mji wa Athene kule Ugiriki, watu walichora kwenye vigae jina la mtu wasiyemtaka. Vikitosha, aliyezidi wenzake kwa vigae anahama mji miaka kumi. Hakuna kesi, na mali yake haiguswi. Tena kwa Kigiriki, kigae na chaza yule wa baharini ni majina ya ukoo mmoja.

"Ehe, mwalimu, ikawaje?" akauliza mke wangu. Mchele ameusahau.

Ile "ehe" ilinichoma. Ilikuwaga yangu. Siku tatu mfululizo akawa anamuuliza yeye asili ya maneno, na mie nikianza langu ananiambia, "Hiyo nimeshaisikia, mzee."

Basi nikafanya utoto. Nikaokota kigae jalalani, nikachora jina la mwalimu kwa msumari, nikakisukuma chini ya mlango wake. Asubuhi nikakikuta mkononi mwa mke wangu, mwalimu kampelekea.

"Mwandiko wako huu," akasema. "Herufi zimelala kama zimelewa."

Nikajifanya natafuta kandambili.

"Wenzio wa Athene walikuwa mji mzima. Wewe umepiga kura peke yako?"

"Namwonea wivu," nikasema. "Unamsikiliza."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Hebu anza ulivyokwenda jalalani."

Nikaanza. Tangu uchumba hajapata kunisikiliza vile. Katikati akamwita mwalimu, naye aje asikie. Nikairudia mbele yake, aibu yangu yote, sikuficha kitu. Ila kigoda cha karibu na mke wangu nilikikalia mie.