Kitambaa cha Mgongoni

Juzi nilizunguka maduka ya Tabora mpaka miguu ikawaka moto, nikitafuta kitambaa cha kijani kinachofanana na jezi ya binti yangu. Jezi ni ya mtumba, ina jina la mtu mwingine mgongoni, naye anataka lifunikwe kwa lake. Sikupata. Nikaketi barazani pa duka, nikamkumbuka mama.

Naye alinizungusha hivihivi mchana mmoja, jezi yangu ya netiboli, nayo ya kijani yenye jina la mtu mwingine, ikiwa kwapani mwake. Soko lilinuka tumbaku na vumbi, cherehani zikilia kila baraza. Kila kitambaa kilikuwa kimekoza mno, jezi ilishapauka.

"Mama Neema, hiyo ni rangi ya jua," fundi alimwambia. "Dukani huipati."

Mama aliikunja jezi. Tulirudi nyumbani, akafungua sanduku lake chumbani. Nilisikia harufu ya naftalini, kisha mkasi. Jioni fundi alishona mgongoni ukanda wa kijani aliopewa na mama na kutarizi jina langu juu yake, ukalingana na jezi kabisa. Nilidhani mama alikuwa na akiba ya vitambaa.

Jumapili kanisani wanakwaya wenzake walisimama mbele wakiwa na magauni yao ya kijani yaliyopauka. Asiye na sare hakusimama nao. Mama alikaa nami kwenye benchi.

"Huimbi leo, mama?"

"Nimechoka, mwanangu."

Nilimwamini, nikamlalia. Wimbo ulipoanza, midomo yake ilikuwa imefumbwa, lakini kifua chake kilitetemeka chini ya sikio langu, kikifuata sauti ya pili mpaka mwisho. Nikadhani anasikia baridi.