Salamu kwa Mama wa Funguo

Bweni letu lina wanafunzi wa nchi kumi na tatu, na mama wa funguo hakupi ufunguo mpaka umsalimu kwa lugha ya kwenu. Vidole vyake huutafuta ubaoni bila kutazama, huku akiirudia salamu yako kombokombo na kucheka mpaka miwani inamteremka puani.

Jana hakucheka. Alinishika kiganja. “Mwanangu, kwenu mkitaka kuuliza kama mtu amekula, mnasemaje?”

Nikamwambia. Akarudia polepole, mara saba, mpaka hakukosea hata silabi.

“Binti yangu anasoma kwenu,” akasema. “Huu ni mwezi wa pili hapokei simu yangu. Leo nampigia mwenzangu, mama wa funguo wa bweni lake.”