Mashine ya Presha Aliyompa Mama

Kiwandani walimwita Bi Utepe, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine inayopachika vipuri kwenye bodi za umeme za mashine za kupimia presha, vipuri vidogo kiasi kwamba ukipiga chafya umeingiza kampuni hasara. Huja vimepangwa kwenye utepe uliozungushwa kwenye roli, na yeye alizivaa roli hizo mkononi kama bangili, akitamba kwamba mashine inamjua kuliko mumewe.

Zamani roli ikiisha, mashine ilisimama, na Bi Utepe alisoma namba ya roli mpya kabla ya kuiweka. Kisha vikaletwa vilishio vya kujiendesha: unachomeka ncha ya utepe, kinauvuta chenyewe, na ukiunga roli ya pili mapema kazi haisimami kabisa. Wote wakaona raha. Kuanzia hapo macho yalipewa likizo na mdomo ukapandishwa cheo.

Kusherehekea ujio wa vilishio, uongozi ulimpa kila mtu wa laini ile ya uzalishaji mashine moja ya presha, katika zilizotengenezwa siku ya kwanza, hata kabla wapimaji hawajazigusa. Bi Utepe aliipeleka yake moja kwa moja kwa mama yake, mgonjwa wa presha wa miaka mingi. Wakamfunga mkanda, namba zikatoka nzuri kama za msichana. Mama alisimulia mtaa mzima.

Asubuhi moja fundi wa zamu, mgeni pale, alimvuta Bi Utepe pembeni. Alikuwa amefungua mashine moja ya stoo. Siku ile ya kwanza roli mbili zinazofanana ziliungwa, kumbe ya pili ilikuwa na kipuri cha kiwango kingine. Kilishio hakikuuliza, kilivuta tu. Mashine zote za siku hiyo zilionyesha presha chini kuliko ilivyo. Za stoo ameshazifungia, alisema, sasa anatafuta nani aliunga ile roli. Habari za zawadi hakuwa nazo.

Bi Utepe aliikumbuka siku ile vizuri: aliunga huku akisimulia kichekesho, na namba hakuitazama. Alivua koti la kazi, akapita katikati ya wenzake bila kumuaga hata mmoja, akakodi pikipiki mpaka kwa mama.

Alimkuta anakunja nguo. Akamuuliza habari za vidonge vya presha.

"Niliacha," mama alisema, kwa furaha kabisa. "Tangu uniletee ile mashine sina presha. Nimeze dawa za nini?"

Bi Utepe alimkokota mama hadi zahanati ya jirani. Muuguzi akapima, akakunja uso, akapima mkono wa pili. Alimlaza mama kitandani, akampa dawa, akamwambia binti kando kwamba wangechelewa kidogo wangekuwa wanazungumza mengine.

Mama ndiye aliyekuwa mbishi. Kipimo cha zahanati ni kibovu, alidai, mashine ya mwanawe haidanganyi.

"Inadanganya, mama," Bi Utepe alisema, akashika ukingo wa kitanda. "Mimi ndiye niliyeilisha vibaya. Niliunga roli bila kutazama."

Mama hakugomba, na hilo lilimuumiza mwanawe zaidi.

"Mlipewa wangapi?"

"Laini nzima."

"Na wenzako umewaambia?"

Hapo ndipo Bi Utepe alipoketi sakafuni. Jirani yake wa mezani kazini zawadi ile alimpa baba yake. Dada wa ufungashaji alimpa mumewe aliyewahi kupooza. Wote aliwapita akitoka, ameinamisha kichwa, akiogopa kuulizwa.

Alitoa simu, akampigia wa kwanza, akampigia wa pili. Ziliita mpaka zikakatika. Simu za watu wa laini hufungiwa kabatini hadi zamu iishe, na aliyebaki na yake mfukoni ni msimamizi peke yake. Mama akamwambia ampigie huyo.

"Bosi," alisema, "mashine tulizopewa zawadi zinasoma presha chini, watu waziache leo hii, wawapeleke wagonjwa wao hospitali. Roli ile niliunga mimi."