Sifa Pande Zote Mbili

Juzi jirani alipita barazani na dumu la sifa, yale mafuta ya ini la papa ya kupaka mitumbwi, na mimi, mhitimu mzima wa chuo ninayesubiri ajira, nikakimbilia kufunga dirisha. Ndugu msomaji, kwangu hiyo ni harufu ya kipigo.

Ufukwe wa kisiwa chetu, huku delta, ulikuwa mpana kiasi cha kila mtoto kupata wimbi la saizi yake. Tuliyapanda mawimbi kwa kulalia vipande vya mitumbwi mibovu. Maji ya magotini tuliyaita Chekechea. Mbele kidogo, Darasa la Nne. Kule mwisho, mto unapogongana na bahari na maji kupasuka juu ya fungu la mchanga, palikuwa Chuo Kikuu.

Nilikuwa na miaka tisa. Zaituni, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na kumi na moja, na alasiri ile alikuwa anakwenda Chuo Kikuu kwa mara ya kwanza, yeye na Hemedi, mtoto wa jirani.

"Nipakie ubao, mdogo wangu," aliniambia. "Nikirudi utaniita profesa."

Sifa hupakwa upande wa chini, ubao uteleze majini. Mimi, kwa mapenzi, nikapaka na juu anapolalia.

Wimbi lilipowainua, Zaituni alichomoka kama sabuni. Ubao wake ukasimama wima, ukamshukia mdomoni. Hemedi alimkokota hadi mchangani, anatema damu, meno mawili ya mbele hayapo.

"Nani kamsukuma?" Shabani, kaka yake Zaituni, alifika mbio na pondo la kusukumia mtumbwi.

"Tulikuwa wawili tu, kaka," Hemedi alisema.

"Kumbe wewe!"

Alimpiga mgongoni, mabegani, kwenye vidole alivyojikingia kichwa. Pondo likakatika, akaendelea na kipande. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Viganja vyangu viling'aa mafuta, nikavizika mchangani.

Miaka yote nimelipindua jambo lile kichwani. Nilidhani Hemedi alijua nilivyopaka sifa juu ya ubao na alinyamaza kunilinda. Nikawa namkwepa, nikiogopa ipo siku atalisema. Idi iliyopita tulikutana, kidole chake cha mwisho bado kimepinda, nikajikaza kumuuliza kwa nini hakukana.

"Ningekana nini? Nilijua ni ubao wangu uliomgonga," alisema. "Kila nikiswali namwomba Mungu anisamehe meno ya dada yako."

Nikamweleza yote. Akasema taratibu, "Ulikuwa na miaka tisa."

Nikashusha pumzi.

"Sasa unayo mingapi?"

Utotoni niliamini kipigo kile kiliisha Shabani alipochoka. Kumbe alipochoka yeye, nilipokea mimi, nikaendelea kumpiga Hemedi kwa kunyamaza.