Vichwa vya Risasi Juu ya Kioo cha Dirisha

Enzi zetu kule Nakuru, Jumapili ilikuwa na harufu ya nta. Najua wenzangu mtasema Jumapili yenu ilinukia biriani, au sabuni ya kufulia sare za shule, na kwetu hizo zilikuwepo pia. Lakini nta ya nyuki ilizishinda zote, kwa sababu ndiyo siku ambayo Baba alitandaza gazeti kwenye meza ya kulia, akalaza juu yake kioo kilichotolewa kwenye dirisha la zamani, kisha akatuita mimi na kaka yangu Aziz tumsaidie kuchagua risasi.

Msishtuke. Baba hakuwa jambazi. Alikuwa muuza vipuri vya magari, mtu wa kulala mapema, na starehe yake moja duniani ilikuwa bastola ya michezo ambayo kibali chake alikitia fremu na kukitundika karibu na picha ya harusi. Jumamosi alikwenda kulenga shabaha na wenzake wa klabu nje ya mji. Risasi za dukani zilitoka ng'ambo na bei yake ilikuwa ya kutisha, kwa hiyo waliokota maganda yaliyokwisha kupigwa wakayajaza upya. Baruti aliifungia kwenye kabati ambalo hata Mama hakujua ufunguo wake unakaa wapi. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa vichwa tu, yaani ile ncha inayoruka.

Kulikuwa na vichwa vilivyovikwa shaba, vinang'aa kweli kweli, na mimi na Aziz tulivitamani kama peremende. Baba hakutaka hata kuvisikia. "Karatasi haijui bei," alituambia, akimaanisha ile karatasi ya shabaha. Yeye alichukua vya madini ya risasi, vyeusi, vizito, bapa mbele kama vipande vya penseli. Mzee mmoja wa klabuni aliviyeyusha kutokana na vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu, akavipaka nta. Vya mazoezi havihitaji urembo, Baba alisema, vinahitaji kufanana.

Basi tulivipekua kimoja kimoja. Chenye kishimo chini kilirudi kwa mzee kuyeyushwa tena. Vilivyobaki tulivibingirisha juu ya kioo, tumekiinua upande mmoja kwa kitabu changu cha hesabu, ambacho sidhani kilipata kazi nyingine. Kilichoyumba njiani kilikwenda kwenye bakuli la mazoezi. Kilichoshuka kimenyooka, bila kutikisika, kilikwenda kwenye kopo la biskuti. Aziz hakuwa na subira, alivipuliza kwa mdomo ili vinyooke, na Baba akamfukuza mezani akacheze mpira. Mimi nilibaki, kidevu mezani, jicho moja nimelifumba. Tukimaliza, Mama alikuwa mlangoni na ndimu na sabuni. "Naweni mpaka viwiko! Mnataka kula sumu na chapati?"

Jumapili moja Baba aliniambia, "Shirin, una jicho. Ukifika miaka kumi na sita utakuja kulenga na mimi." Watoto wa leo huahidiwa safari ya ndege wakaendelea kutazama simu. Mimi kwa ahadi ile sikulala.

Kopo lilijaa polepole. Cha ajabu, Baba hakuligusa. Wiki zote alijaza maganda yake kutoka kwenye bakuli, vile vinavyoyumba, akarudi akilalamika kwamba hakulenga vizuri. Nilipomuuliza kwa nini hatumii vile vizuri vya kopo, alisema tu, "Hivyo vina siku yake." Nikaamua moyoni kwamba ni vya mashindano makubwa, au anamwekea Aziz, kwa kuwa Aziz ndiye mwanamume. Liliniuma, lakini sikusema. Enzi zetu mtoto hakumhoji baba mara mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano tulipohamia London. Baba alikabidhi bastola kwa polisi, na kopo akampa yule mzee wa klabu akaviyeyushe vichwa vyake. Nililiona likitoka mlangoni, likilia kama limejaa mawe. Hapa Harrow, pembeni mwa London, akafungua duka la magazeti, akiamka kabla ya jua, Jumapili kama Jumatatu. Mwanzoni hakuwa na nafasi wala fedha za kujiunga na klabu, na alipopata vyote viwili, sheria ya nchi hii ilikuwa imepiga marufuku bastola za michezo. Ile ahadi ikanyamaziwa. Mimi nikakasirika kimya kimya, nikaolewa, nikazeeka.

Sasa Baba anakaa nasi, miguu imemshinda lakini akili iko sawa. Juzi mjukuu wangu Zara alikuwa kwenye kochi akicheza mchezo wa bunduki kwenye simu, risasi zinatoka kama mvua. Baba akanigeukia.

"Huyu risasi zake anachagulia wapi?"

"You don't choose them, they're unlimited," Zara akajibu bila kuinua kichwa. Hazichaguliwi wala haziishi, yaani. Baba alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye, halafu kicheko kikanipa ujasiri ambao nilikuwa nimeukosa maisha yangu yote.

"Baba, lile kopo la biskuti. Yalikuwa mashindano gani yale uliyokuwa ukiyangoja?"

"Mashindano?" Alinishangaa. "Mashindano gani, mwanangu? Mimi mkono wangu ulitetemeka tangu ujana, mashindano ningekwenda kuaibika? Kopo lilikuwa lako. Nilitaka siku yako ya kwanza usipige hata moja inayoyumba."

Miaka yote ile nilimwonea Aziz wivu kwa kitu ambacho kilikuwa changu, na Baba alivumilia risasi mbovu kila Jumamosi kwa ajili yangu, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo. Angenipeleka nikiwa na miaka kumi na minne, nani angemkataza? Tulikuwa watu wa kuweka. Sahani nzuri za wageni, nguo nzuri za sikukuu, neno zuri la baadaye. Zara na wenzake nawacheka kwa kutoweza kungoja chochote, lakini siku ile kicheko kilinikwama. Yeye hupiga maelfu na hajachagua hata moja. Mimi nilichagua kopo zima, kwa jicho moja, na sikupiga.

Baba alinyoosha kidole chake juu ya meza ya kioo, akakisogeza taratibu, kimenyooka, kutoka upande wake mpaka wangu. "Ungelenga vizuri sana," akasema.